Kabla ya Kuwaita Wadowezi

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kuzungumza mbele ya watumishi wa umma kuhusu uchangiaji wa huduma za jamii. Wakati wa maswali alisimama afisa mmoja, mtu aliyesoma na anayejua kusema, akanirushia takwimu ambayo sikutarajia kuisikia katika ukumbi ule. Alisema kwamba watafiti wa Marekani waliwahi kuchunguza mtandao wa kompyuta ambamo watu waligawana mafaili kwa hiari, wakakuta kwamba watumiaji saba katika kila kumi walikuwa wakichukua tu bila kutoa chochote. "Na hao ni Wamarekani, Daktari," aliendelea, "wenye umeme, wenye intaneti, wenye kazi. Sembuse sisi? Binadamu ni mdowezi. Bila fimbo hachangii." Ukumbi ulicheka, na baadhi wakapiga makofi. Mwenyekiti alinipa dakika mbili za kujibu, nami nilizitumia vibaya. Leo nina nafasi.

Nikiri kwanza kwamba takwimu ile ni ya kweli. Mtandao wenyewe uliitwa Gnutella. Ulitolewa Machi 2000 na Justin Frankel na Tom Pepper wa kampuni ya Nullsoft, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kununuliwa na AOL. Wakubwa wa AOL waliiondoa programu ile tovutini mara moja, lakini watu walikuwa wamekwisha kuinyakua. Napster, iliyotangulia mwaka 1999, ilikuwa na seva za katikati zilizoweka orodha ya nani ana nini. Ndiyo maana mahakama ilipotaka kuizima mwaka 2001 ilijua pa kushika. Gnutella haikuwa na katikati. Kompyuta yako iliuliza kompyuta za jirani, nazo zikauliza jirani zao, mithili ya mtu anayetafuta mchi wa kutwangia na ombi lake likapita nyumba hadi nyumba. Katika mwaka huohuo wa 2000, Eytan Adar na Bernardo Huberman wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto waliusikiliza mtandao huo na kuhesabu. Karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakuwa wamefungua faili hata moja kwa wengine. Afisa wetu hakukosea.

Aliacha kusema nusu ya pili. Watafiti walewale walikuta kwamba karibu nusu ya majibu yote katika mtandao ule yalitoka kwa asilimia 1 tu ya kompyuta. Watu hao wachache hawakulipwa, hawakutajwa, wala hawakuwa na njia ya kujua nani amechukua nini kwao. Hapakuwa na fimbo wala karoti. Ikiwa ni kweli kwamba binadamu hachangii bila fimbo, basi kilichohitaji kuelezwa na afisa ni hao waliofungua milango bila kulazimishwa. Lakini hao hawakumsaidia katika hoja yake, kwa hiyo akawaacha nje ya ukumbi.

Tuwaangalie basi, tuulize walilipa nini. Mtu aliyefungua kabati lake la mafaili mwaka 2000 alikuwa kwenye laini ya simu, na modemu ya kawaida ya siku zile iliweza kupokea kwa kasi ya hadi kilobiti 56 kwa sekunde lakini kutuma kwa takriban 33 tu. Ilipokuja ADSL, pengo hilo likapanuka zaidi. Herufi ya kwanza ya jina lake inasimama badala ya neno lenye maana ya "isiyolingana", yaani njia ya kushushia ni pana na ya kupandishia ni nyembamba. Tuseme bayana maana yake kisiasa. Kabla raia hajawasha kompyuta, kampuni ilikuwa imekwisha kuamua kwamba yeye ni mlaji. Ilimjengea mdomo mpana na mkono mfupi. Kila mgeni aliyechukua faili kwake aliibana njia ile nyembamba, na kazi zake mwenyewe zikazorota. Watu si wajinga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliochapisha vipimo vyao mwaka 2002 waligundua kwamba watumiaji wengi walijitangaza kuwa na laini dhaifu kuliko waliyokuwa nayo, ili wasije wakabishiwa hodi. Ni kama kuficha sufuria mvunguni mwageni wanapoingia uani. Si jambo la kujivunia, lakini aliyewahi kuwa na sufuria ndogo hawezi kulishangaa.

Kisha ikaja sheria. Septemba 2003 chama cha makampuni ya muziki cha Marekani kiliwafungulia mashtaka watu 261, mmoja wao akiwa msichana wa miaka 12 wa New York. Zingatieni walichaguliwaje. Waliotafutwa ni waliofungua makabati yao, kwa sababu hao ndio walioonekana. Aliyechukua nyimbo elfu moja akafunga mlango alikuwa salama. Aliyeacha mlango wazi ndiye aliyeletewa hati ya mahakama. Adar na Huberman walikuwa wameionya hali hiyo miaka mitatu kabla: mtandao unaotegemea wachache ni rahisi kushtakiwa. Sitetei hapa uchukuaji wa kazi za wasanii bila malipo. Msanii anakula kwa jasho lake, na wa kwetu hali hata hicho. Ninachosema ni kwamba kuanzia siku ile kutoa kulikuwa na gharama, usumbufu na hatari, na kuchukua hakukuwa na hata kimoja. Uchunguzi mwingine wa Gnutella uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta wasiotoa wamefika asilimia 85. Mnaliita hilo tabia ya binadamu?

Huo ndio ugomvi wangu na afisa. Alichukua matokeo ya mpangilio fulani, uliojengwa na watu fulani kwa maslahi fulani, akayafanya kuwa hulka ya wanadamu wote. Akishakuyafanya hulka, hakuna wa kuulizwa. Lililobaki ni kukata fimbo.

Walioijenga mitandao ile hawakukata tamaa upesi kama yeye, na majaribio yao yana mafunzo kwa yeyote anayekaa ofisini kutunga kanuni za uchangiaji. Kazaa, iliyotoka mwaka 2001, ilijaribu kumpa kila mtumiaji alama za ushiriki: ukitoa zaidi alama zako zinapanda, na ukiwa na alama nyingi unatangulizwa katika foleni. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba alama zilihesabiwa na kutunzwa katika kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, na mtandao uliamini chochote ilichotangaza. Haukupita muda likatokea toleo la magendo, Kazaa Lite, lililotangaza alama 1,000, yaani za juu kabisa, kwa kila mtu wakati wote. Ndugu zangu watumishi wa umma mliowahi kujijazia wenyewe fomu ya utendaji kazi hamhitaji maelezo zaidi.

Mojo Nation ilikwenda upande wa soko. Kila kipande cha faili kilikuwa na bei, kila anayetoa alilipwa sarafu ya humohumo ndani. Haikufika mbali.

Lililonishughulisha zaidi ni jaribio la tatu, kwa kuwa ndilo linalofanana na ndoto ya afisa wetu. Ziliundwa jumuiya za siri, ambazo mtu aliingia kwa kualikwa tu, na kila mwanachama alikuwa na daftari: umechukua kiasi gani, umetoa kiasi gani, uwiano wako ni upi. Uwiano ukishuka chini ya kiwango, unafukuzwa. OiNK, iliyoendeshwa kutoka Uingereza hadi polisi walipoifunga Oktoba 2007, ndiyo iliyojulikana zaidi. Kwa macho ya mkaguzi wa hesabu hapo palikuwa peponi: mafaili bora, kasi kubwa, mdowezi hayupo. Lakini fanyeni hesabu kidogo. Ndani ya jumuiya iliyofungwa, kila kilichochukuliwa na mmoja kimetolewa na mwingine. Kwa hiyo jumla ya vilivyotolewa ni sawasawa na jumla ya vilivyochukuliwa. Uwiano wa jumuiya nzima ni moja, hauwezi kuwa mbili. Akitokea mmoja aliyetoa mara kumi ya alichochukua, kwa lazima ya hesabu wapo wengine walio chini ya moja, hata kama walikesha na kompyuta zikiwaka. Na nani aliyefika kumi? Yule aliyekodi seva yenye laini nene katika jengo la kampuni, akawa wa kwanza kupata kila faili jipya na wa kwanza kuligawa. Mwenye laini ya nyumbani alifika akakuta hakuna anayehitaji chake. Alikuwa tayari kutoa, hakupata wa kumpa, akaandikwa mdaiwa, akafukuzwa kwa udowezi. Wenye mali wakageuka wakarimu kwa mujibu wa daftari, na maskini akawa kupe.

Sijui kama kuna mfano bora wa namna tunavyowahesabu walipakodi wetu, wachangiaji wa madawati na wanaoitwa "wananchi wasio na mwamko". Lakini nisitoke nje ya mada.

Jibu lililodumu lilitoka kwa Bram Cohen, aliyekuwa mfanyakazi wa Mojo Nation na kushuhudia ugumu wake. Mwaka 2001 alitoa BitTorrent. Humo faili halikai zima mahali pamoja. Hukatwa vipande, na kila anayelichukua huanza kugawa vipande alivyokwisha kupata wakati bado anavisubiri vingine. Kutoa hakungoji mtu ashibe. Hakuna daftari la maisha wala alama za kujitangazia. Kila sekunde 10 kompyuta yako hutazama ni nani kati ya wenzake anayeipa vipande kwa kasi nzuri zaidi sasa hivi, nayo huwapa hao wachache, huku wengine wakibanwa. Ni nipe nikupe ya uso kwa uso. Huwezi kudanganya kwa kuwa mwenzako anapima alichopokea mkononi, hasomi ulichoandika katika fomu.

Hata hivyo, nipe nikupe peke yake ingeliua mtandao siku ya kwanza, kwa sababu anayeingia sasa hivi hana kipande hata kimoja. Atatoa nini? Kwa hiyo Cohen aliweka kanuni nyingine: nafasi moja kati ya zile chache huachwa wazi kwa mtu yeyote aliyechaguliwa kwa kubahatisha, bila kuulizwa ametoa nini, na nafasi hiyo huhamishiwa kwa mwingine kila sekunde 30. Asiye na kitu hupata kipande cha kwanza bure. Akishakuwa nacho, ana cha kubadilishana.

Wazee wetu walikwisha kulisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, na tangu hapo kila mwenye kiti amejifunza kuikariri akianzia katikati. Wanakumbuka jembe, wanazisahau siku mbili. Tena wanasahau kitenzi. Methali haisemi mgeni akatafute jembe, wala akalinunue, wala aulizwe kwa nini hakuja nalo. Inasema mpe. Mwenyeji ndiye anayedaiwa kwanza, siku mbili za chakula na chombo cha kufanyia kazi. Deni la mgeni linaanza baada ya hapo.

Afisa angeniuliza: je, nafasi ile ya bure haikuibiwa? Iliibiwa, naam. Mwaka 2006 watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich walitengeneza programu waliyoiita BitThief, ambayo haikutoa kipande hata kimoja. Ilijiunganisha na kompyuta nyingi kupita kawaida, ikazoazoa nafasi za wageni kutoka huku na huku pamoja na ukarimu wa wale waliokwisha kupata faili zima wakabaki kugawa. Ilifaulu kupakua mafaili mazima, na mara nyingine kwa kasi isiyopungua ile ya watu waaminifu. Kwa mtu wa fimbo huo ni ushahidi wa kuifunga nafasi ya mgeni kesho asubuhi. Miaka imepita, nafasi ile bado iko, na BitTorrent bado inafanya kazi. Wadowezi wamo, na mtandao umewabeba. Kuwaondoa kabisa kungewezekana kwa njia moja tu, kuwafungia mlango wote wasio na kitu, na hapo mtandao usingepata watu wapya wa kuuendeleza. Kiasi fulani cha udowezi ndiyo bei ya kuwa na mlango. Nitafurahi kuisikia hoja hii ikijibiwa na yeyote anayetaka kufuta huduma kwa sababu "kuna watu wanaitumia vibaya".

Udhaifu wa kweli wa BitTorrent uko kwingine, nao hautajwi sana. Ukishapata kipande cha mwisho, kanuni haina tena cha kukudai. Unaweza kuondoka papo hapo, na wengi huondoka. Faili huishi maadamu vipande vyake vyote bado vimo mikononi mwa waliobaki; kipande kimoja kikiondoka na mtu wa mwisho aliyekuwa nacho, wanaosubiri hukwama kwenye asilimia 97 wakitazama mstari usiosogea. Hapa ndipo hesabu inapokoma na uungwana kuanza. Hakuna mpangilio unaoweza kufanya kazi yote. Ila mpangilio mzuri huufanya uungwana uwe mwepesi, na mbaya huufanya uwe ushujaa. Na taifa haliwezi kuendeshwa kwa kutegemea mashujaa wa asilimia 1.

Sasa nirudi nyumbani, maana afisa alisema "sembuse sisi". Mchukueni mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili anayetumia kifurushi cha simu. Anataka mfumo wa Ubuntu kwa ajili ya kompyuta yake kuukuu, au nakala ya Wikipedia ya Kiswahili inayosomeka bila intaneti, ambayo Kiwix huitoa bure kwa yeyote. Vyote viwili ni halali kabisa, na vyote hupatikana kwa njia ya BitTorrent. Kila megabaiti anayoigawa kwa mwingine inakatwa katika kifurushi chake sawasawa na anayoipokea. Zaidi ya hayo, makampuni ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hata kompyuta iliyo nje isiweze kubisha hodi kwake asipoianza yeye. Mlango wake umefungwa kwa nje na mtu mwingine. Anapakua, anazima, analala. Katika kipimo cha Adar na Huberman huyu ni mmoja wa wale saba. Angehesabiwa mdowezi na yule afisa, katika ripoti yenye grafu za rangi.

Mita chache kutoka kitanda chake liko jengo la maabara ya kompyuta. Lina mkonga wa faibabu ulioletwa kwa fedha za umma, kompyuta kadhaa zinazokaa usiku kucha bila kazi, na anwani yake ya intaneti. Chuo kingeweza kuziagiza mashine hizo zishike nakala za Ubuntu, za Kiwix, za vitabu vilivyoachiwa huru na waandishi wake, na kuzigawa kwa wanafunzi ndani ya kampasi bila kugusa kifurushi cha mtu, na kwa dunia nzima usiku njia inapokuwa tupu. Hilo lingekuwa jembe. Badala yake, katika chuo kimoja ninachokifahamu, wenye mamlaka walifunga njia yote ya ubadilishanaji wa mafaili. Sababu iliyobandikwa ubaoni ilikuwa kwamba wanafunzi "wanapakua kupita kiasi pasipo kuchangia chochote kwenye mtandao". Aliyeandika tangazo lile ndiye aliyeshika ufunguo wa mkono wao.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza wavuvi, wakulima wa umwagiliaji na wachungaji waliotunza mali ya pamoja kwa vizazi bila kuiangamiza. Alikuta kwamba kanuni zilizodumu kwa kawaida ni zile ambazo watumiaji wenyewe walishiriki kuzitunga, na adhabu zake zilianza ndogo. Katika chuo nilichokitaja hakuna mwanafunzi aliyeulizwa. Tangazo liliwekwa siku ya Ijumaa jioni.

Nimeandika barua kuomba kompyuta moja, ya zamani, iachwe ikiwaka katika maabara ile ikigawa mafaili manane ya halali niliyoyaorodhesha kwa majina. Nimejitolea kulipia diski. Barua ina mhuri wa kupokelewa wa tarehe 3 ya mwezi uliopita, na karani, binti mstaarabu sana, ameniambia mara mbili kwamba bado iko mezani kwa mkubwa.